Vitabu Vilivyokunywa Mvuke: Kisa cha Maktaba ya Mtaa Jijini Nairobi

Kisa hiki kinahusu chumba kimoja cha maktaba ya mtaa, upande wa mashariki ya Nairobi. Jina la jengo, la mfadhili, la mafundi na la wanakamati nimeyaondoa, na vipimo vya chumba nimevisogeza kidogo ili jengo lisitambulike. Niliitwa kama mshauri wa ukarabati baada ya kuvu kurudi mara ya tatu, nikakaa na kazi hiyo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ninakieleza kwa urefu kwa sababu kosa lililokizaa hufanywa kila siku katika majengo yetu, tena hufanywa na watu wenye nia njema, nalo ni kuziba ukuta kwa jina la kuupendezesha.

Usuli

Chumba kina urefu wa mita 9, upana wa mita 7 na kimo cha mita 2.9, nacho kiko ghorofa ya chini, chini ya slabu ya zege. Kuta zake ni za mawe ya kuchonga, yale ya kijivu yanayoletwa kutoka machimbo ya Ndarugo. Zamani zilipigwa plasta ya saruji na chokaa, kisha zikapakwa chokaa nyeupe, na juu ya kila dirisha mjenzi aliacha matundu ya hewa ya kudumu kama ilivyo desturi ya Nairobi. Rafu zilikuwa na vitabu vipatavyo 4,000. Kila jioni ya siku za shule, kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili usiku, watoto thelathini na tano hivi walikuja kusoma, kwa kuwa nyumbani kwao hapana meza wala utulivu.

Miaka miwili kabla sijaitwa, mfadhili alilipia ukarabati. Kuta zilisawazishwa kwa filla, zikapakwa rangi ya mafuta hadi kimo cha bega ili alama za mikono ya watoto zioshwe kwa sabuni, na juu ya hapo ikapakwa rangi ya plastiki inayong'aa. Madirisha ya zamani yenye vipande vya vioo vinavyoinamishwa yaling'olewa, yakawekwa ya alumini ya kutelezesha. Matundu ya hewa yalizibwa kwa saruji, kwani vumbi na mbu vilipitia humo. Sakafu ikatandikwa zulia. Nimeziona picha za siku ya ufunguzi: chumba kinang'aa, na ninaelewa kabisa kwa nini kila mtu alifurahi.

Mfuatano wa matukio

Katika msimu wa baridi wa kwanza, mwezi wa Julai, mkutubi alianza kusikia harufu nzito kila alipofungua mlango asubuhi. Baada ya wiki kadhaa aliona madoa ya kijani kwenye migongo ya vitabu vya rafu za chini, upande wa ukuta wa kusini. Kamati iliagiza rafu zifutwe na ukuta usuguliwe kwa jiki. Kuvu ikatoweka, ikarudi kabla ya mvua za vuli kwisha.

Mara ya pili walinunua rangi iliyouzwa kwa ahadi ya kuzuia kuvu, wakaipaka juu ya ile ya awali. Ukuta wenyewe ulibaki safi kwa miezi kadhaa, lakini vitabu vilizidi kuharibika: majalada yalijikunja, kurasa za kamusi zilishikana, na mkutubi, ambaye kifua chake hakikuwahi kumsumbua, alianza kupiga chafya mfululizo kila alipopanga vitabu. Mara ya tatu, kuvu ilipoenea hadi rafu ya nne kutoka chini, muuzaji mmoja alipendekeza mashine ya umeme ya kukausha hewa. Kamati ilipopiga hesabu ya tokeni za stima za kila mwezi, ikaamua kutafuta ushauri kwanza. Hapo ndipo mimi nilipoingia.

Uchunguzi

Nilikataa kupendekeza lolote kabla ya kujua maji yanatoka wapi, maana ukuta unaolowa kwa bomba linalovuja na ukuta unaolowa kwa pumzi za watu huonekana sawasawa kwa macho. Nilibandika vipande vya karatasi ya nailoni, kila kimoja cha upana wa sentimita 40, kwenye kuta zote nne kwa utepe uliozunguka kingo zote, nikaviacha siku nne. Jaribio hili ni la gharama ndogo na husema kweli: matone yakitokea upande wa chumbani, maji yametoka hewani, yakitokea nyuma ya nailoni, yametoka ndani ya ukuta. Kwenye kuta tatu, upande wa nyuma ulikuwa mkavu. Kwenye ukuta wa mashariki, unaopakana na choo, nyuma ya nailoni palikuwa pamelowa chepechepe. Kulikuwa basi na matatizo mawili yaliyovaa sura moja.

Kisha niliweka vipima unyevu vinne kwa wiki mbili za Julai: kimoja katikati ya chumba, kimoja nyuma ya rafu za ukuta wa kusini, kimoja ndani ya kabati na kimoja nje chini ya paa. Vipimo hivi husoma unyevu linganifu, yaani mvuke uliomo hewani ukilinganishwa na mvuke wote ambao hewa hiyo ingeweza kuubeba kwa joto lake. Msomaji ashike jambo moja hapa, kwa kuwa kisa kizima kinalitegemea: hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko ya baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 inaweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke. Ikipoa hadi nyuzi 15 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 13 hivi, na ikifika nyuzi 12 hubaki gramu 10 na ushei.

Katikati ya chumba, unyevu ulipanda kila jioni hadi kufikia asilimia 88 watoto walipokuwa wanaondoka. Saa kumi na mbili asubuhi hewa ya chumbani ilikuwa na nyuzi 18 na unyevu wa asilimia 76, ambao kwa kuusoma tu haukuogofya sana. Lakini uso wa ukuta nyuma ya rafu ulikuwa na nyuzi 15. Hewa ileile ikiugusa ukuta huo hupoa, na asilimia 76 ya katikati ya chumba hugeuka kuwa asilimia 92 hivi pale ukutani. Kuvu haihitaji maji yanayotiririka. Unyevu ulio juu ya asilimia 80 kwenye uso wa kitu, ukidumu kwa siku nyingi, unaitosha.

Kwa nini ukuta wa kusini? Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta, hivyo mwezi wa Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini. Ukuta unaotazama kusini haupati jua hata dakika moja katika miezi ileile ambayo anga ya jiji hufunikwa na mawingu tangu asubuhi. Mtu akiweka rafu kando ya ukuta huo, tena zimeubana, huunyima hata joto dogo la chumbani.

Kipimo cha nje kilinifundisha jambo ambalo kamati haikuliamini hadi nilipoliandika ubaoni. Asubuhi ya Julai hewa ya nje ilikuwa na nyuzi 12 na unyevu wa asilimia 92, na kila mtu aliiona kuwa hewa mbichi isiyofaa kuingizwa ndani. Lakini mvuke wake haukufika gramu 10 kwa mita ya ujazo. Hewa hiyo ikiingia chumbani na kupata nyuzi 18, unyevu wake hushuka hadi asilimia 63 hivi. Hewa ya nje waliyokuwa wakiifungia madirisha ilikuwa kavu kuliko ile waliyokuwa wakiihifadhi.

Mvuke ulitoka wapi? Mtoto aliyeketi akisoma hutoa, kwa pumzi na kwa ngozi, gramu 40 hivi za maji kwa saa. Watoto thelathini na tano kwa saa tatu hutoa zaidi ya lita nne, bila kuhesabu sweta zilizonyeshewa na zulia linalolowa kwa viatu. Madirisha yakifungwa kwa sababu ya baridi na matundu yakiwa yamezibwa, lita hizo nne zinakwenda wapi? Rangi ya mafuta haizinywi. Vioo huzitonesha kidogo. Zulia hunywa kiasi. Vitabu hunywa vilivyobaki. Karatasi iliyokaa kwenye unyevu wa asilimia 50 huwa na maji ya takriban asilimia 6 ya uzito wake, na kwenye unyevu wa asilimia 80 hufikia 10 hivi. Kwa vitabu 4,000, kila kimoja kikiwa na wastani wa gramu 300, tofauti hiyo ni zaidi ya lita 40. Maktaba ilikuwa imepoteza kuta zinazokunywa, na vitabu vikashika nafasi ya kuta bila mtu yeyote kukusudia.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutogusa plasta yoyote kabla ya bomba la choo kurekebishwa. Ukuta wa mashariki ulichimbuliwa, kiungo kilichovuja kikabadilishwa, na ukaachwa wazi wiki saba. Wapo waliolalamika kwamba tunachelewesha kazi. Lakini malighafi inayorekebisha unyevu wa hewa haiwezi kutibu maji ya bomba. Itayanywa mpaka ishibe, kisha itaanguka.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuyafungua matundu yote ya hewa na kuyawekea wavu wa mbu, na wa tatu kuzisogeza rafu za kusini sentimita nane kutoka ukutani. Haya mawili hayakuwa na mjadala mrefu.

Mjadala ulikuwa juu ya kuta. Nilieleza kwamba malighafi yenye vitundu vidogo sana hunywa mvuke hewa inapokuwa na unyevu mwingi na kuurudisha hewa inapokauka, ili mradi uso wake usifunikwe na ngozi ya plastiki. Mwaka 2005 watafiti wa nchi za Nordiki walipendekeza njia moja ya kulipima jambo hili: kipande cha malighafi huwekwa saa 8 kwenye unyevu wa asilimia 75 na saa 16 kwenye asilimia 33, kisha hupimwa uzito uliopanda na kushuka. Kinachopatikana ni gramu za maji kwa kila mita ya mraba kwa kila asilimia moja ya badiliko la unyevu. Chini ya 0.2 ni kama hakuna kitu. Kati ya 1 na 2 ni kizuri. Juu ya 2 ni bora kabisa. Plasta ya udongo na mbao zisizopakwa vanishi kwa kawaida huwa katika daraja la kizuri, zege huwa chini sana ya hapo, na chochote kilichopakwa rangi ya mafuta huporomoka.

Tulilinganisha malighafi nne. Bodi za jipsamu zilikuwa rahisi kupatikana, lakini uso wake wa karatasi ni chakula cha kuvu iwapo kosa la maji litajirudia. Mbao zilipendwa na wote, bei ikazikataa. Diatomaiti, ile ardhi nyeupe nyepesi ya masalia ya viumbe vya majini inayochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, ilinivutia kwa sababu Wajapani huitumia katika plasta za ndani kwa kazi hiihii. Hata hivyo sikupata plasta iliyokwisha kutayarishwa, na sikutaka kufanya majaribio ya unga laini kiasi hicho katika chumba cha watoto. Tukabaki na udongo na chokaa.

Udongo wenyewe ulihitaji uchaguzi. Nairobi ina udongo wa aina mbili kuu, na kila fundi anaujua kwa rangi. Ule mweusi wa mashariki na kusini ya jiji hunywa maji mengi sana, na kama ingekuwa ni kunywa mvuke peke yake ungeshinda. Lakini hufura ukilowa na kupasuka ukikauka, jambo ambalo mwenye nyumba yeyote wa Embakasi anaweza kulithibitisha kwa kutazama msingi wake. Ule mwekundu wa upande wa magharibi, kuelekea Kikuyu, hunywa kiasi kidogo zaidi ila hutulia. Tulichagua mwekundu.

Hapa ndipo kamati ilipogawanyika. Mama mmoja mwanakamati, mwenye umri mkubwa kuliko sote, alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye alikulia katika nyumba ya udongo, akahangaika maisha yake yote ili watoto wake wasilale kwenye udongo, na sasa mtaalamu anauleta udongo ndani ya maktaba ya wajukuu wake. Sikuwa na jibu la haraka, na naamini jibu la haraka lingekuwa la utovu wa adabu. Nilimwambia, "Mama, tupige ukuta mmoja tu. Ukiuona na usipoupenda, tutaubandua." Akakubali.

Mgawanyo wa mwisho ulikuwa huu: kuanzia sakafuni hadi mita moja, plasta ya chokaa na mchanga isiyo na saruji, kwa kuwa hustahimili mikono na fagio kuliko udongo, juu ya hapo, udongo mwekundu wa unene wa milimita 15 hadi 20, jumla ya mita za mraba 45 hivi, na dari, chokaa ya kupaka. Sikuongeza unene zaidi, kwa sababu katika mzunguko wa siku moja mvuke hauingii ndani ya plasta zaidi ya sentimita moja au mbili, na kinachozidi hapo ni uzito na gharama bure.

Kabla ya kuanza nilipiga hesabu niliyoisoma mbele ya kamati, ili mtu asitarajie muujiza. Kuta zile za udongo, tukizipa thamani ya 1.5 katika kipimo kile cha Nordiki, zingeweza kunywa gramu 1,350 kwa badiliko la asilimia 20 katika saa nane. Watoto hukaa saa tatu, si nane, kwa hiyo tuseme gramu 800. Hiyo ni kama sehemu moja kwa tano ya maji yanayotolewa kila jioni. Sehemu nyingine lazima itoke kwa matundu na madirisha.

Utekelezaji

Rangi na filla zilibanduliwa pamoja na plasta ya zamani hadi kwenye jiwe, maana udongo haushiki juu ya uso laini wa rangi, na saruji ngumu chini yake huuachia haraka. Viungo vya mawe vilikwanguliwa ili plasta ipate meno ya kushika.

Fundi mkuu alikuwa mtu wa makamo aliyepiga plasta ya saruji kwa zaidi ya miaka ishirini. Tulianza na vipande vitatu vya majaribio, vya mita moja kwa mita moja: karai moja ya udongo kwa mbili za mchanga, moja kwa tatu, na moja kwa nne, kila kimoja kikiwa na nyuzi za katani zilizokatwa urefu wa kidole. Siku ya tano cha kwanza kilikuwa na nyufa unazoweza kuingiza kucha. Cha tatu hakikuwa na ufa wowote, lakini ulipokipitisha kiganja kiganja kilirudi chekundu, na mchanga ukadondoka sakafuni kwa sauti ndogo kama ya mvua inayoanza. Cha kati kilikuwa na nyufa mbili nyembamba kama unywele. Fundi alilowesha sponji, akaikamua mpaka ikawa karibu kavu, akaisugua pale penye ufa kwa mizunguko midogo, na ufa ukafungika mbele ya macho yetu. Akageuka akaniambia, "Dada, saruji haikusamehi hivi."

Makosa mawili yalitokea katika hatua hii, na la pili ni langu. Kwanza, kijana mmoja aliyepewa sehemu ya chini aliongeza saruji kwenye chokaa ili ishike upesi, kama alivyozoea. Tuliligundua siku hiyohiyo kwa rangi yake ya kijivu, tukaibandua ingali mbichi. Kosa langu lilikuwa la ratiba. Plasta mbichi ya ukubwa ule iliingiza chumbani zaidi ya lita 200 za maji, ambayo yote ilibidi yatoke kwa kukauka. Nilikuwa nimepanga wiki sita, lakini mitihani ilikaribia, wazazi wakasihi, nami nikakubali vitabu virudishwe baada ya wiki tatu. Unyevu wa chumba ulipanda juu ya asilimia 85 na kukaa hapo siku tisa, mpaka tukavitoa tena vitabu vya rafu za chini. Vitabu kumi na vinne vilivyokuwa vimesafishwa vilipata kuvu upya. Nilipaswa kusema hapana.

Matokeo

Mwezi wa Julai uliofuata niliweka vipima unyevu palepale. Kilele cha jioni katikati ya chumba kilikuwa asilimia 74, kikilinganishwa na 88 ya awali, ingawa idadi ya watoto haikupungua. Asubuhi, uso wa ukuta wa kusini nyuma ya rafu ulikuwa na nyuzi 16 badala ya 15, na unyevu penye uso huo ulikuwa karibu asilimia 75. Kuvu mpya haikuonekana kwenye ukuta huo, isipokuwa kwenye kipande kimoja nitakachokieleza mwishoni, wala kwenye vitabu vyake. Harufu iliisha. Mkutubi alisema chafya zake zimepungua sana. Siwezi kudai kwamba ukuta ndio uliomponya, ila nililiandika kama alivyolisema.

Yule mama mwanakamati alikuja asubuhi moja, akaweka kiganja chake ukutani, akakiacha pale kwa muda. Alisema ukuta hauna baridi. Hakutaka ubanduliwe.

Uchambuzi

Swali gumu katika kisa kama hiki ni kujua kilichosaidia hasa, kwa kuwa tulibadilisha mambo mengi kwa pamoja. Kwa hiyo mwezi wa Agosti niliomba ruhusa ya kuyaziba matundu yote kwa makatoni kwa jioni tano. Kilele kilipanda kutoka 74 hadi 81. Jioni tano ni chache na hali ya hewa ya nje haikuwa sawa kabisa na ya mwaka uliotangulia, lakini mwelekeo unaonekana: kuta mpya, matundu yakiwa yamezibwa, zilishusha kilele kutoka 88 hadi 81, na matundu yakashusha kinachobaki. Kama ningelazimika kuchagua moja kwa fedha kidogo, ningechagua matundu, kwani gharama yake ilikuwa ni nyundo, wavu na siku mbili za kazi. Ninalisema hili waziwazi kwa sababu ninaipenda plasta ya udongo, na nimewaona watu wanaoipenda kama mimi wakiiuza kana kwamba inaondoa maji. Haiyaondoi. Huyahifadhi kwa saa chache wakati hewa haiwezi kuyabeba, kisha huyarudisha hewani, na yakirudishwa kwenye chumba kilichofungwa hayana pa kwenda.

Udhaifu huo ulijitokeza dhahiri wakati wa masika, mwezi wa Aprili. Maktaba hufungwa Ijumaa jioni hadi Jumatatu. Kuta zilizokunywa wiki nzima ziliurudisha mvuke wake mwishoni mwa juma katika chumba kisichofunguliwa, na siku ya Jumatatu kipimo kilisoma asilimia 72 bila mtu yeyote kuwamo. Matundu peke yake hayakutosha, kwa kuwa katika msimu huo hewa ya nje yenyewe ina mvuke mwingi kuliko ya Julai. Dawa yake imekuwa ya kawaida sana: mlinzi hufungua madirisha mawili yanayotazamana kila Jumamosi, kuanzia saa tano hadi saa tisa alasiri, wakati ambapo jua limepasha hewa joto.

Kilichofaa zaidi kuliko nilivyotazamia ni kuzisogeza rafu. Nyuzi moja ya joto tuliyoipata kwenye uso wa ukuta ina uzito mkubwa, kwa kuwa kuvu huishi pale penye uso, na kipimo cha katikati ya chumba hakiwezi kuionyesha. Wanaoweka kipima unyevu kimoja juu ya meza na kutulia hawajapima mahali palipo na hatari.

Chokaa ilifanya kazi yake ya chini vizuri, lakini ile ya kupaka tuliyoiongeza juu ya udongo karibu na mlango, ambako mikoba ya watoto husugua, ilibanduka magamba. Udongo hujongea kidogo unapokunywa na kukauka, na ngozi ngumu juu yake haiwezi kuufuata. Tulipaswa kuupaka kwa tabaka jembamba zaidi, au kuuacha udongo na rangi yake. Aidha, ningemshauri yeyote asitegemee uwezo wa chokaa wa kuua kuvu: mwanzoni ukali wake huiangamiza kweli, lakini kadiri chokaa inavyonywa hewa ukaa na kugeuka jiwe, ukali huo hupungua, na baada ya hapo kinga pekee ni ukavu.

Kushindwa kulikonifundisha zaidi kulikuwa kwa maelezo yaliyoishia kwenye kamati. Mwezi wa Mei, mtoto alichora ukuta kwa kalamu ya wino karibu na dirisha la kusini. Mfanyakazi wa usafi, kwa bidii yake mwenyewe, alichukua mabaki ya rangi ya plastiki yaliyokuwa stoo, akaufuta uchoraji, kisha akapaka kipande cha mita moja na nusu hivi, nadhifu kabisa. Hakuna aliyemwambia kwa nini ukuta ule haupakwi. Mwezi wa Julai, mahali pekee palipotoa madoa ya kijani kwenye ukuta wote wa kusini palikuwa kipande hicho, na mpaka wa madoa ulifuata mpaka wa rangi kama uliopigwa kwa rula.

Tulikibandua mwezi wa Septemba. Safari hii mfanyakazi yule ndiye aliyeshika sponji, fundi akimwelekeza, na debe moja la udongo uliochekechwa limewekwa stoo mahali palipokuwa na mabaki ya rangi. Nilipopita mara ya mwisho plasta mpya ilikuwa bado na weusi wa maji katikati, na rafu iliyo mbele yake ilikuwa tupu, ikisubiri wiki zake sita.